Chumvi ya Mkalimani

Daftari lake liko kwangu sasa. Jalada ni la bluu, pembe zimelika, na ndani yake, kwa mwandiko uliolala upande mmoja kama majani yaliyopigwa na upepo, ameandika maneno yote ya mchezo wa besiboli kwa Kiswahili. Mrushaji. Mdakaji. Mwamuzi. Kituo cha kwanza, cha pili, cha tatu, na kile cha mwisho ambacho hakukiita kituo, alikiita nyumbani. Siku za Jumamosi mwanangu Byamungu hulichukua, hukaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, akawasomea watoto kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa. Mimi hukaa kando kwenye kiti changu cha kukunja. Namshukuru Mungu kwa yote, hata kwa njia ndefu iliyolileta daftari hilo mikononi mwangu, ingawa sehemu kubwa ya njia hiyo niliipita kama mtu aliyefungiwa ndani ya nyumba, na ufunguo aliuzungusha mwenyewe.

Sote tulimwita Mkalimani. Hapa Louisville, Marekani, katika mitaa ya Iroquois, wapo wengine wengi wanaojua Kiingereza, lakini ukisema "mwiteni Mkalimani" hakuna aliyeuliza yupi. Barua ya shule ilipelekwa kwake, barua ya mwenye nyumba pia. Alikwenda na watu hospitalini, mahakamani, na kwenye maghala ya Okolona siku ya kwanza ya kazi. Alikuwa mrefu, mwembamba, na alivaa tai hata wakati wa joto. Miwani yake ilining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu.

Alikuwa na Kiswahili cha aina mbili. Alipokuwa kazini alisema Kiswahili cha suti, kilichonyooka, kila neno mahali pake. Akishamaliza kazi alirudia Kiswahili cha kwetu Kivu, chenye "bon" na "donc" za Kifaransa kila baada ya maneno matatu, na hapo ndipo alipocheka. Watoto walijua wakati wa kumwomba ruhusa kwa kusikiliza ni kipi anachosema.

Kazini hakusema "daktari anasema". Alisema "mimi", kama kwamba daktari ndiye aliyekuwa kinywani mwake. Mzee mmoja wa kanisa letu alirudi kutoka hospitalini amekasirika. "Tangu lini Mkalimani amekuwa daktari? Ameniambia, nimepima damu yako na sikuipenda." Tulicheka siku nyingi. Yeye hakucheka. Alisema ndivyo kazi ilivyo: mkalimani anaazima mdomo wake, na mdomo ulioazimwa hauna jambo lake.

Neno lake kubwa lilikuwa hili: "Mkalimani si mpishi. Haongezi chumvi."

Kuna wakati tulimchukia kwa neno hilo. Mume wa dada mmoja wa kwaya alikuwa mahututi, na sisi wazee tulisimama nje ya mlango wa chumba tukamsihi Mkalimani apunguze ukali wa habari. Aseme tu kwamba hali si nzuri. Akaingia, akasema kama daktari alivyosema, kwamba mgonjwa hatatoka kitandani akiwa hai. Dada yule alianguka sakafuni. Tulikaa wiki nzima hatumsalimu vizuri Mkalimani. Baada ya mazishi, dada mwenyewe akaniambia, "Mama Mzee, ninyi nyote mlinipa moyo. Yeye alinipa siku tisa za kumuaga mume wangu." Nikaenda kumwomba radhi. Akasema, "Haina shida, mama. Chakula bila chumvi hakina marafiki."

Na mtu huyu huyu alikuwa na kichupa cha chumvi katika mfuko wa koti. Alitia chumvi kwenye kila kitu: maharagi, mayai, hata mananasi. Alitia kabla ya kuonja, jambo lililomuudhi sana mke wa Byamungu.

"Mkalimani, hujaonja hata kidogo."

"Nimeonja na macho."

"Kwa hiyo mboga yangu mbaya?"

"Mboga yako nzuri. Donc, hii chumvi ninayonyima maneno, niitie wapi sasa?"

Namna alivyokuwa kocha ni jambo la kuchekesha, kwa sababu hakuwahi kucheza besiboli hata siku moja. Mwalimu mmoja alitaka kuanzisha timu ya watoto wa mtaa, kwenye uwanja ulio nyuma ya shule, na nusu ya watoto hawakujua Kiingereza. Mkalimani akasimama karibu naye majira yote ya joto, akitafsiri kila kanuni na kuiandika katika daftari la bluu. Mwaka uliofuata mwalimu alihamia mji mwingine. Watoto wakaja uwanjani Jumamosi ya kwanza, wakangoja. Mkalimani alikuwa akipita kwenda dukani.

"Bon, niliona batoto wananitazama," alinieleza. "Na mimi nina maneno yote mu daftari. Utatembea tu na maneno ya batu?"

Hakwenda dukani. Akageuza ndoo, akaketi, na hapo alikaa miaka saba, kwa tai na viatu vya kanisani. Hakurusha mpira ila mara chache, na alipourusha ulikuwa kama jiwe la mtu anayefukuza kuku. Wababa wa Kikuba wa mtaani, ambao wamezaliwa na mchezo huo, waliucheka mkono wake, lakini walimletea watoto wao. Kwake kila mtoto alicheza: mnene, mwoga, yule aliyekuja na kandambili. "Kituo cha kwanza hakiko mbali," aliwaambia. "Hofu ndiyo iko mbali."

Maneno ya mchezo yalimletea kesi kanisani. Mama mmoja wa kamati ya wanawake alipita uwanjani akamsikia akimpigia kelele mtoto wa shemasi: "Iba! Iba sasa!" Jambo likaletwa mbele yetu wazee. Akasimama akaeleza kwamba katika mchezo huo mtoto anaweza kukimbilia kituo kinachofuata kabla mpira haujapigwa, na Waamerika huita hivyo kuiba.

"Sema basi ajichukulie," mama yule alisema.

"Mama, hiyo ni chumvi."

"Kwa hiyo utawafundisha watoto wa Mungu wizi?"

"Nitawafundisha kukimbia. Wizi ni neno tu. Lakini wenyewe wamesema wizi, na mimi siwezi kuwatakasa."

Tulifunga kesi kwa kicheko. Na kwa kuwa tulimsumbua, alitualika sisi wanawake wazee tuje Jumamosi tuone wenyewe. Akatufundisha ishara mbili. Mwamuzi akikunja ngumi, mtoto amekufa, arudi akae. Mwamuzi akifungua mikono yote miwili, chini, kama mtu anayetandaza shuka kitandani, hiyo ni salama: mtoto amefika kabla ya mpira. Tulilipenda neno hilo. Tangu siku ile, mtoto yeyote akifika nyumbani, safu nzima ya bibi wenye vitenge ilitandaza shuka kwa pamoja, hata kabla ya mwamuzi kuamua. Mwamuzi mmoja alimwomba Mkalimani atuzuie. Mkalimani akamjibu kwa Kiingereza, na alipotugeukia akasema, "Anawasalimu."

Hiyo ndiyo tafsiri pekee ya uongo niliyomjua nayo, na tuliihesabu kuwa mzaha.

Alikuwa na udhaifu wake. Alitukaripia kila wiki tujifunze Kiingereza, "sitaishi milele mu mifuko yenu." Lakini mtu akija kumwambia kwamba barua ameisoma mwenyewe, uso wake ulishuka kidogo, akaiomba barua aitazame hata hivyo. Alichelewa ibada na kuwahi uwanjani. Na mtoto aliyempenda zaidi ndiye aliyemsema vikali zaidi. Huyo alikuwa Espoir, mjukuu wangu, mtoto wa Byamungu.

Espoir alikuwa na miaka kumi na minne, na alirusha kwa mkono wa kushoto. Mpira wake ulipoingia katika glavu ya mdakaji ulitoa sauti ya mlango uliofungwa kwa hasira. Watu waliokuwa wakipita na mbwa wao walisimama. Mkalimani alimwambia, "Usijisifu, hata ng'ombe ana nguvu," kisha akageuka pembeni kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Sasa nieleze kuhusu timu mbili, kwa sababu ndipo mambo yote yalipofungana. Ya kwanza ni timu ya mtaa, kama ile ya Mkalimani: watoto wa karibu, wanacheza jioni na Jumamosi, wazazi wanatembea kwa miguu kuwatazama. Ya pili huitwa timu ya maonyesho. Watoto huchaguliwa, hucheza karibu mwaka mzima, na husafiri mji kwa mji kwenye mashindano ambako watu wa vyuo vikuu huja kutazama nani ana kipaji. Mkalimani aliiita timu ya dirisha. "Kama nguo ya duka," alisema. "Wanakuvalisha mwanasesere, wanakusimamisha dirishani." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa haki, aliongeza, "Lakini nguo ya dirishani ndiyo inanunuliwa."

Kocha wa timu ya dirisha alikuja nyumbani kwetu. Alikuwa kijana mwenye adabu, akavua kofia mlangoni. Aliketi kwenye kochi kati yangu na Byamungu, Espoir akakaa sakafuni, na Mkalimani akasimama karibu na televisheni, amefunga kifungo cha koti. Kocha alisema mtoto huyu ana mkono wa kufika chuo kikuu bila sisi kulipa karo. Mkalimani akatafsiri neno kwa neno, kwa Kiswahili cha suti. Kocha akasema watacheza mji wa Columbus mara nyingi, na pengine Buffalo, mbali kaskazini. Mkalimani akatafsiri. Kisha kocha akatoa karatasi, akauliza swali fupi.

Mkalimani akanyamaza. Sijawahi kumwona akinyamaza kazini. Alivaa miwani, akaivua.

"Je," alisema, "mko tayari kuweka nadhiri?"

Byamungu akashtuka. "Nadhiri? Ya mpira?"

"Nadhiri. Kwamba mtoto huyu ni wa timu hii mpaka atakapomaliza shule ya sekondari."

Mwanangu akanitazama mimi. Mimi nilisoma shule ya Biblia miaka mitatu kule kwetu, na kwa miaka mingi nimefundisha wanawake kwamba nadhiri si ahadi ya sokoni. Ni afadhali mtu asiiweke kabisa. Nikasema, "Mwambie atupe siku tatu." Kocha alionekana kushangaa, lakini alikubali. Mkalimani alipotoka alinishika mkono kwa mikono miwili. "Ni jambo zito, Mama Mzee. Hakuna mtu atakulaumu ukikataa."

Nilifunga siku tatu. Nilikumbuka kambi ya wakimbizi, Espoir akiwa mgongoni kwangu, nilivyokuwa nikimwomba Mungu amfungulie mtoto huyu mlango mmoja tu. Nikajiuliza: mlango umefunguka, nami nakataa kwa sababu kizingiti ni kirefu? Siku ya tatu nilipata amani, au kitu nilichokiita amani. Tukatia sahihi.

Lakini kwangu nadhiri haiwekwi kwenye karatasi. Jumapili ile nilimsimamisha Espoir mbele ya kanisa, nikaweka mkono wangu begani pake, nikamwahidi Mungu kwamba mtoto huyu atatumika katika timu ile mpaka amalize shule, na kwamba mimi nitakwenda naye kila aendako. Kwa ajili ya vijana wasiojua Kiswahili vizuri, ibada yetu hutafsiriwa kwa Kiingereza. Aliyesimama na kipaza sauti upande wangu wa kulia alikuwa Mkalimani. Alitafsiri kwa sauti ya chini mno. Watu wa nyuma walipaza, "Hatusikii." Nilidhani ni huzuni ya kumpoteza mrushaji wake.

Ndivyo nilivyoijua Columbus bila kuijua. Wakati ule Byamungu na mkewe walifanya kazi mwisho wa wiki, kwa hiyo tulisafiri mimi na Espoir katika gari la mama wa mchezaji mwenzake, mwanamke mkimya aliyenipa tufaha kila tulipovuka Mto Ohio, kwa kuwa hatukuwa na lugha nyingine. Viwanja vya huko ni vingi, vimepangwa kama vyumba, kila kimoja na uzio wake wa waya, na majani yake ni ya plastiki. Juani yananuka kama tairi. Hotelini madirisha hayafunguki. Nilitoka ndani ya gari nikaingia ndani ya uzio, nikatoka ndani ya uzio nikaingia chumba kisicho na hewa, na Biblia yangu mapajani.

Safari ya kwanza kabisa, mtu mzima aliyeketi nyuma ya mdakaji aliinua kitu kama bastola akamwelekezea mjukuu wangu. Sikufikiri. Niliinuka na kusimama mbele yake, nikatandaza kitenge changu. Watu wakapiga kelele, mchezo ukasimama, Espoir akaficha uso ndani ya glavu. Nilimpigia simu Mkalimani, nikampa yule mtu simu. Wakazungumza. Kisha Mkalimani akaniambia, huku akijizuia kucheka, "Mama Mzee, ni kipimo tu. Inapima mwendo wa mpira." Nikamwuliza, "Nani anapima mtoto kwa bastola?" Kicheko chake kikaisha. Akasema, "Nisamehe." Nikamwambia hakuna cha kusamehe, si yeye aliyeitengeneza.

Mashindano yale huchezwa mpaka Jumapili. Timu ikishinda Jumapili asubuhi hubaki kucheza tena mchana. Mimi, niliyekuwa sijakosa ibada hata tulipokuwa kambini, niliketi nyuma ya waya nikasali peke yangu kwa midomo. Na jambo moja lilinitia hofu. Jumamosi Espoir alirusha kama simba. Jumapili mkono ulilegea. Mipira ilikwenda pembeni, timu ikatolewa, tukarudi mapema, nikawahi angalau ibada ya jioni. Kocha alisema ni uchovu. Mimi nilijua, au nilidhani najua, kwamba Mungu anatuonyesha hasira kwa kuivunja siku yake. Lakini nadhiri nilikuwa nimeiweka kwake yeye yeye. Nikiitimiza nakosa, nikiiacha nakosa.

Espoir alijaribu kunisaidia mara moja. Yeye husikia Kiswahili cha nyumbani lakini hujibu kwa Kiingereza, na tunaelewana kwa mambo ya chakula na viatu tu. Ndani ya gari alijikaza akasema kwa Kiswahili, akiniita Koko, yaani bibi, kama ilivyo kwetu: "Koko, ile karatasi haiko nadhiri. Ni kama… kusema utakuya. Batoto wengine banatoka tu."

Nikamjibu, "Mkalimani hakosei."

Akageuza uso dirishani.

Byamungu naye alinijia. "Mama, mtoto hacheki tena. Tumtoe." Nikamwambia nadhiri haivuliwi kama shati. Sikusema kwa ukali. Nilisema kwa upole, na leo naona upole ule ulikuwa kufuli.

Timu ya mtaa haikuchukua muda. Bila Espoir, wababa wa Kikuba wawili waliwahamisha watoto wao, kisha wengine. Mkalimani aliketi kwenye ndoo mbele ya watoto watano, halafu watatu. Macho yake yalianza kuwa na ukungu, barua zikawa taabu, na binti yake aliyeko Buffalo akaja kumchukua. Aliondoka bila kuniaga. Niliumia, kwa maana mtu huaga hata jirani asiyempenda. Majani yalifunika kituo cha pili.

Majira ya joto yaliyofuata timu ya dirisha ikaenda Buffalo. Ni safari ya siku nzima, na Columbus ikiwa katikati, nilipoiona nilihisi kama ng'ombe anayepitishwa mbele ya zizi lake. Jumamosi, mchezo ulipoisha saa nane mchana, mama wa tufaha alitushusha mimi na Espoir kwenye mtaa wa Lower West Side, mbele ya nyumba ya mbao ya ghorofa mbili. Binti yake alitufungulia, akatukaribisha juu, kisha akaenda kazini.

Mkalimani alikuwa ameketi karibu na dirisha, na tai. Alinitambua kwa sauti. "Mama Mzee. Umenitafuta mpaka huku."

"Ulikimbia bila kuaga, ningefanya nini?"

Espoir alimsalimu, akatoka kukaa kwenye ngazi za nje na simu yake. Sisi tukala maharagi aliyoachiwa na binti yake. Nilionja, nikatazama mfuko wa koti lake.

"Kichupa kiko wapi?"

"Daktari amekatalia mimi chumvi. Damu inapanda." Alikoroga sahani bila kula. "Bon. Mungu haachi kitu."

"Unamaanisha nini?"

"Mama Mzee, ile siku kocha alikuya mu salon yako, niliongeza chumvi."

Nilidhani anazungumza juu ya chakula.

"Yule muzungu hakusema nadhiri. Neno yake ilikuwa ndogo. Ni kama kusema, mutakuya mazoezi, hamutaacha katikati ya musimu. Musimu moja tu. Mpaka amalize shule, ile ni mimi nilisema."

Niliweka kijiko chini. "Kwa nini?"

"Nakujua. Unaogopa nadhiri kuliko moto. Nikasema, huyu mama akisikia neno ile, atafukuza yule mutu, na mutoto atabaki kwangu." Alivua miwani. "Miaka yote sijadanganya mutu. Siku moja nikadanganya, na nikadanganya mutu mwenye anafunga siku tatu halafu anasema ndiyo."

"Na kanisani? Ulisimama upande wangu wa kuume."

"Kanisani nilisema kwa Kizungu kwamba umeahidi. Batoto walisikia ahadi. Bakubwa tu ndio walisikia nadhiri. Ningeweza kusimamisha. Nilishindwa."

Nilitaka kukasirika, na hasira ilikuwa halali yangu. Lakini mawazo yalikwenda mahali pengine. Uongo wake haukuifuta nadhiri, kwa sababu sikuiweka kwa kocha wala kwake. Niliitamka mwenyewe, nikiwa na akili zangu. Basi nikakumbuka somo nililowafundisha wanawake mara nyingi kiasi cha kuacha kulisikia: mtu huweka nadhiri kwa kilicho chake. Anaweza kutoa mbuzi wake, siku zake, mdomo wake. Mkono wa kushoto wa Espoir haukuwa wangu. Nilikuwa nimemtolea Mungu mali ya mtu mwingine, mbele ya kanisa, na Mkalimani alinipa neno tu.

Nikaenda mlangoni nikamwita Espoir. Akaja, akaketi kwenye zulia.

"Mkalimani," nilisema, "funga kifungo cha koti. Una kazi."

"Mimi nimeacha kazi, mama."

"Hii ni ya mwisho. Bila chumvi."

Akafunga kifungo kwa kupapasa. Nikasema kwa Kiswahili, polepole, kwamba nilikosea, kwamba nilimfunga kwa nadhiri isiyokuwa yangu kuiweka, na kwamba Mungu hamdai kitu. Timu ya mtaa imekufa, sina cha kumrudishia ila uwanja wenye majani. Lakini akitaka kubaki abaki, na akitaka kurudi arudi, nami nitakwenda naye kila aendako, maana hiyo ndiyo sehemu iliyokuwa yangu. Mkalimani akatafsiri. Nilisikia Kiingereza chake kikinyooka.

"Sasa mwulize anataka nini."

Espoir alijibu akilitazama zulia. Alisema maneno mengi, kwa muda mrefu, kuliko yote aliyonipa tangu azaliwe. Alipomaliza, Mkalimani alikuwa kimya tena, kama siku ile karibu na televisheni.

"Yaseme yote," nilimwambia.

Akasema, kwa Kiswahili cha suti, na kama ilivyokuwa desturi yake mdomo ulioazimwa ulisema mimi:

"Koko, napenda kushinda. Vijana wa timu hii ni rafiki zangu na sitawaacha kabla ya mwisho wa majira haya. Lakini nimechoka kutazamwa. Nataka kucheza mahali ambapo watu wananijua. Majani tutafyeka, baba anajua kufyeka." Akashika fundo la tai. "Na nataka ujue kuhusu Jumapili. Siyo uchovu. Jumapili ninakuona nyuma ya waya unasali peke yako, na ninarusha vibaya makusudi, ili tutolewe mapema, urudi nyumbani kanisani. Sikusema kwa sababu ya nadhiri. Nilidhani Mungu atavunja mkono wangu."

Machozi ya mzee yule yalishuka mpaka kwenye tai, lakini sauti haikutikisika. Hakuongeza hata chembe.

Nikafungua kinywa kumjibu mtoto, nikamgeukia Mkalimani kwa mazoea. Alikuwa amekwishafungua kifungo. Alipapasa juu ya meza, akachukua daftari la bluu, akaliweka magotini pangu.

"Hii, mama, umwambie wewe mwenyewe," alisema.

Sikuwa na Kiingereza. Nilisimama katikati ya chumba kile kidogo, mbele ya mjukuu wangu, nikainama kidogo, nikafungua mikono yangu yote miwili, chini, kama mtu anayetandaza shuka kitandani.